Jiwe la Msingi la Ghorofa za Neema

Sasa hivi tu mwanangu Zulekha amechora mlango kwa chaki kwenye ukuta wa chumba chetu hapa Buguruni, akaupigia hodi. Nikamwitikia karibu. Akanitazama kana kwamba mimi sijui kitu: "Mama, si wewe. Wewe uko nje na mimi." Basi nimemwacha na mlango wake, nimalizie hii hotuba. Jumamosi sisi tulionunua Ghorofa za Neema, ambazo mpaka leo hazijainuka, tunakutana Upanga nyumbani kwa mnunuzi mwenzetu, dada Ila, tukubaliane kwenda kwa mwanasheria. Wengine bado wanaogopa. Nikasema wakicheka kwanza, woga utapungua. Mzee Abubakary atavaa koti, atakuwa Mheshimiwa aliyetuuzia. Sisi wengine ni umati, maneno yetu nimeyatia kwenye mabano. Mzee, soma taratibu, tumbo litangulie.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuratibu Kamati. Wahandisi mliopo na mlioko safarini. Viongozi wa dini zote, kwa kuwa subira ni ya dini zote. Wenyeviti, makatibu wa wenyeviti, ndugu wanahabari ambao soda zenu zinakuja. Na ninyi wanunuzi, mabibi na mabwana wa ghorofani: itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa. Nikisema Neema, mnasema Ghorofani. Neema. (Umati: Ghorofani.)

Ndugu zangu, mimi kama Kaimu Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Uharakishaji wa Makazi, cheo nilichokipata kwa jitihada zangu na kwa mjomba kuniona mapema, nina furaha kuwataarifu mastekiholda wote kwamba mchakato unachakatika, kwamba upembuzi yakinifu umepembuliwa mara tatu na kila mara kwa yakini zaidi, kwamba michoro imekamilika kwa asilimia mia na nne, maana mchoraji alituongezea lifti, na kwamba tumeunda kikosi kazi, nacho kikaunda kikosi kidogo, ambacho hivi ninavyosema kimeomba posho ili kiende kutafuta kazi. (Makofi. Dada Rinkal anasimama: "Bwana mkubwa, mimi nilinunua ghorofa ya chini. Kila nikipita hapa Kariakoo namkuta mtu anauza madera sebuleni kwangu." Kicheko.) Dada Rinkal, hongera. Wenzako watahamia kwenye sebule baridi, wewe sebule yako ina wateja tayari.

Sasa nije kwenye sheria, kwani nasikia kuna mwanasheria anawazungukia. Jamani, mnalindwa. Mkataba wenu unasema wazi kwamba nyumba ikichelewa, mnunuzi anarudishiwa fedha zake, pamoja na kodi aliyoendelea kulipa alikopanga. Kifungu kitamu sana, nilikipigia makofi mwenyewe. Lakini tutumie akili. Kinachochelewa ni kile kilichoondoka. Basi ambalo halijatoka Mbeya litachelewaje kufika Dar? Kitaalamu, ujenzi unaanza siku nguzo ya kwanza inaposimama, na mimi, kwa upendo nilio nao kwenu, nimeagiza nguzo hiyo isisimamishwe kabisa, msije mkacheleweshewa. (Makofi ya wachache ambao hawajaelewa. Jirani zao wanawashika mikono.)

(Nurdin: "Na hela zetu kwa nini hazikukaa benki, zitoke kidogo kidogo kadiri ukuta unavyopanda?") Ndugu Nurdin, hela ya kukaa benki ni hela mvivu. Zenu ni hela zinazotembea. Hili shangingi nililokuja nalo mnalionaje? Hiyo ni miundombinu ya mradi, ina magurudumu na kiyoyozi, ni nyumba yenu ya kwanza kuwaka taa.

(Mama Fortunata: "Baba, tupe tarehe tu.") Mama yangu, shikamoo. Tarehe ni kitu nyeti. Ile ya kwenye mkataba ilikuwa ya salamu. Kuna masika, kuna Ramadhani, kuna Kwaresima, kuna vuli, na katikati hapo kuna semina. Itoshe kusema mtahamia katika kipindi kizuri. (Mama Fortunata: "Marahaba. Hicho kipindi kizuri kikifika nitakuwa nimezikwa, sijahamia.") Na huko pia ni kuhamia, Mama, tutakuhesabu kwenye ripoti.

Wapo wanaopita vijiweni wakisema mradi huu haupo. Wenye macho tazameni: jiwe la msingi lile pale, limepambwa kitambaa, lina jina langu kwa rangi ya dhahabu. Nimelifungua mara nne na bado linang'aa. Je, kitu kisichokuwepo kinaweza kuwa na jiwe? (Sauti kutoka nyuma: "Kaburi linalo." Vicheko.)

Kwa kumalizia, na sasa namaliza kweli: Neema. (Ghorofani.) Subira. (Ghorofani.) Ghorofani. (Watu wote wanatazama juu.)

Nawashukuru sana. Namshukuru mwuza madera kwa kutuazima eneo lake, ambalo ni lake, na hatujawahi kumwuliza kama anauza. Nawashukuru wenye maturubai. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Shukuru wa mkokoteni, aliyelileta jiwe la msingi asubuhi hii kutoka stoo ya Buguruni. Namwomba alifunge vizuri wakati wa kurudi, lisichubuke, kwa sababu wiki ijayo linazindua ghorofa zetu za Kigamboni, ambako nako hatujajenga chochote. Asanteni kwa kunisikiliza.

Hapo Mzee vua koti, lakini usikae. Wakishamaliza kucheka, waambie kwa sauti yako ya kila siku kwamba la jiwe si utani, mimi na Nurdin tumelikuta kwa Shukuru limefunikwa gunia. Waambie mwanasheria ameusoma mkataba wetu, akasema kuchelewa kunahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa, hata kama hakuna tofali lililowekwa. Kila mtu aje na mkataba wake, twende pamoja, asiachwe mtu. Mimi nina imani, Mzee. Tukirudishiwa tutatafuta pengine, hata kama ni vyumba viwili tu, na Zulekha atapata mlango wenye kitasa, nitaupaka rangi ya...

Ananiita. Anasema mama njoo, wamefungua mlango, na wamesema niingie na viatu nisije nikaviacha nje vikaibiwa.