Kopo la Kranberi na Sakafu Yetu

Leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima. (Sawa, si mtaa mzima. Nyumba mbili. Lakini hapa Kaloleni nyumba mbili zikijua, zilizobaki ni suala la saa.)

Ninaandika nikiwa juu ya kitanda, miguu juu, kwa sababu sakafu bado mbichi. Na nyinyi wasichana wa bweni mtakaolipokea daftari hili shule zikifunguliwa, someni kimya. Msisomeane kwa sauti. Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye mwalimu akiuliza swali, naangalia kidole cha mguu.

Nianze na Baba. Baba yangu ni mpishi. Anawapikia wazungu fulani kule Lavington, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila Krismasi huwapikia wao bata mzinga, kisha anakuja nyumbani jioni, anatukuta tumeshamaliza kuku. Hapo ndipo anapoanza kusimulia. Bata anavyokatwa vipande vyembamba kama karatasi, nyama nyeupe ya kifua upande huu, ya mapaja upande ule. Na kando yake, kwenye bakuli la kioo, kranberi. Hayo ni matunda madogo mekundu ya huko kwao, machachu, yanapikwa na sukari mpaka yanagandamana. Unachukua nyama, unachota kidogo, unakula pamoja.

"Nyama kwa jamu!" Mzee Salim humkatiza hapo kila mwaka. Mzee Salim ni jirani yetu wa ukuta mmoja, fundi wa majiko Gikomba, na rafiki wa Baba tangu kabla sijazaliwa. "Mpishi, Mungu anakuona."

"Haki ya nani tena, Salim!"

"Na chai yao wanaitia vitunguu?"

Watu wanacheka. Baba naye anacheka. Lakini mimi humwangalia, na naona anacheka kwa meno tu.

Basi mwaka huu wale wazungu wamekwenda kwao likizo. Kabla ya kuondoka walimpa Baba bata mzinga mmoja hai, waliyekuwa wakimfuga nyuma ya nyumba, na kopo la kranberi. Kopo moja. Baba alilileta ndani ya koti kama kitoto kichanga. Jana Mzee Salim mwenyewe alimchinja yule bata, kama anavyotuchinjia kuku kila Krismasi, ili nyumba zote mbili zile sinia moja. (Bata alimkimbiza kwanza. Lakini hicho si kisa changu, ashukuriwe Mungu.)

"Kesho, Salim," Baba akamwambia, "utayala maneno yako. Kwa kranberi."

Hatuna friji, kwa hiyo usiku Baba alilitia kopo ndani ya karai la maji pamoja na soda, lipoe. Alfajiri karatasi yake ya nje ikawa imebanduka yote. Akalipangusa, akaliweka dirishani, akaenda zake kuwasha makaa. (Haya nimeyajua baadaye, yakiwa hayanisaidii tena.)

Mnajua kazi ya msichana asubuhi ya Krismasi. Sakafu. Sakafu zetu ni za simiti nyekundu, na mgeni akiingia haangalii picha ukutani, anaangalia chini. Mama alikuwa nje anakanda chapati. Baba alikuwa uani na sufuria kubwa aliyoiazima kwa Bi Zuhura, mke wa Mzee Salim: makaa chini, makaa juu ya kifuniko, bata katikati. Mimi nikapiga magoti na kopo letu la polishi nyekundu. Nilianzia kwenye kona ya mbali. Kufika katikati ya chumba, polishi ikaisha.

Nikainua macho. Dirishani, kopo!

Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Kopo la kranberi nilikuwa nimeliona juzi: lina karatasi ya kijani na picha ya matunda. Hili lilikuwa bati tupu, halina hata herufi. Halafu Baba huleta vitu kutoka kazini. Vipande vya sabuni, nusu ya mshumaa, na mwaka jana polishi ya viti. Kwa hiyo nikajua Baba ameniletea polishi. (Nikajua! Wala sikuuliza. Kuuliza kungenilazimu kuongea.) Nikaona halina kifuniko cha kufungua. Nikasema moyoni, wazungu hawataki polishi yao ikauke. Nikalikata kwa kisu. Ndani nyekundu, inang'aa, inatetemeka kidogo. Nikainusa.

Inanukia matunda.

Nikasema, ama kweli, watu hawa hata sakafu zao zinanukia!

Nikapaka. Nikaponda mabonge, nikasambaza, nikasugua kwa blanketi kuukuu mpaka mlangoni. Jamani, iling'aa! Ungeweza kujichania nywele humo. Blanketi lilikuwa likikwamakwama, nikadhani polishi ya bei ndiyo ilivyo. Nikafunga mlango, ikauke.

Mama alichungulia dirishani. "Leo umefanya kazi, mwanangu!" akasema. Mama hasifu ovyo. Nilitembea uani kama niliyepasi mtihani.

Baada ya sala ya adhuhuri wakaja. "Hodi wenyewe!" Mzee Salim na kanzu yake nyeupe, soksi mpya za kijivu, na Bi Zuhura nyuma yake amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa. Mama akawakaribisha. Wakavua viatu mlangoni, kwa heshima ya sakafu yangu.

Mzee Salim akakanyaga. Hatua ya kwanza: nyaa. Ya pili: nyaaa. Ya tatu haikutokea. Akavuta mguu wa kulia. Mguu ukaja. Soksi ikabaki.

"Bi Zuhura," akasema polepole, "nimeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

"Sijui. Na nyumba."

Bi Zuhura akataka kumsaidia, naye upindo wa buibui ukanata. Mama akasimama mlangoni, mdomo wazi. "Rispa, umepaka nini humu?"

Nikataka kujibu "polishi". Lakini hapo hapo niliona mstari mweusi ukiingia kando ya miguu ya Mama, mrefu, umenyooka. Sisimizi. Hao hawakungoja kukaribishwa. Na tangu lini sisimizi wakala polishi?

Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa, Baba akaingia.

Amevaa koti lake jeupe la kazini, limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Mikononi amebeba sinia, na juu ya sinia bata mzinga, wa rangi ya kahawia, mafuta yanamchuruzika. Sijawahi kumwona Baba akiwa kazini. Alionekana mrefu zaidi. Alikuwa anatabasamu, na safari hii haikuwa kwa meno tu.

"Salim," akasema, "kaa chini leo uone. Rispa, mama yangu, niletee lile kopo la dirishani. Na bakuli la kioo."

Sikwenda popote.

"Rispa. Kopo."

Wote wakanigeukia. Watu wanne na bata.

"Liko... liko chini, Baba."

"Chini ya nini?"

"Chini ya miguu ya Mzee Salim."

Baba akatazama sakafu. Akatazama soksi iliyosimama peke yake. Akaliweka sinia mezani taratibu, akainama, akagusa simiti kwa kidole. Akakitia kidole mdomoni.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa kitini, akafungua kifungo kimoja cha koti. Miaka kumi na miwili ya kuitwa mwongo, kopo moja tu la ushahidi, na mtoto wake mwenyewe amelipaka chini. Nikaanza kulia. (Kwa sauti. Mimi!)

Mzee Salim ndiye aliyeongea. "Mpishi, hebu nyamazisha mtoto. Wewe Rispa, lile kopo lenyewe liko wapi?"

Nikakimbia uani, nikalitoa kwenye pipa la taka, nikamletea Baba. Baba akaliinamisha kwenye mwanga, akatia kijiko, akakwangua ukuta wa kopo, akakwangua kitako. Yalipatikana kama vijiko viwili. Akayatia kwenye bakuli la kioo, bakuli kubwa, kale kadoa kekundu katikati. Kisha akamkata bata. Vyembamba kama karatasi, nyama nyeupe huku, ya mapaja huku. Akamwekea Mzee Salim kipande, na juu yake tone la ukubwa wa ukucha.

Mzee Salim akasema bismillahi, akala. Jicho moja likafumba. Akatafuna. Jicho la pili likafumba.

Tukangoja.

"Niongeze," akasema.

"Hamna," Baba akajibu.

"Hamna kabisa?"

"Umeikanyaga."

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mlango. Bi Zuhura akafuata, Mzee Salim akacheka huku akivuta ile soksi nyingine, na Baba, Baba yangu, akacheka mpaka machozi yakadondokea koti jeupe. Bi Zuhura akafunua bakuli lake. Ulikuwa ukwaju aliopika na tende na pilipili kidogo, wa kulia pilau. "Haya, mpishi, jaribu huu kwa huyo bata wako." Baba akajaribu. Akafikiri kidogo. "Wazungu wangu wakirudi," akasema, "nitawawekea huu mezani, nisiwaambie kitu." Tukala kwa chapati, miguu yote juu ya viti.

Wageni walipoondoka nilichukua maji ya moto na kisu, nikaanza kukwangua. Baba akakunja suruali, akapiga magoti kando yangu.

"Unajua," akaniambia, "miaka yote hiyo kule, sijawahi kusikia mtu akisema niongeze kranberi. Huwa nazirudisha jikoni nusu bakuli." Akakwangua kidogo. "Leo Salim ameomba. Mbele ya mkewe!"

Nikaona kwamba alikuwa na furaha. Kweli kabisa, na ni kwa sababu ya sakafu ile ile.

Kwa hiyo wasichana, chekeni mkitaka. Ila ombi langu ni moja tu: Baba akija shuleni siku ya wazazi, yeyote asimwulize Krismasi ilikuwaje. Atawaambia. Na ataomba jukwaa.