Moyo Wangu Katika Fishi ya Donat

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Naandika nikiwa nimelala. Ukungu wa ziwa umeingia dirishani. Sijui shuka linaishia wapi nao unaanzia wapi. Nitakufa karibuni, kwa hiyo sina sababu ya kuficha. Leo nimekuwa Donat.

Donat ni jirani yangu, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo na mwizi wa kete katika mchezo wa dame. Ana kadi ya mutuelle, chama kinacholipia wanachama matibabu. Mimi sina. Mwalimu wa jiografia kama mimi apange foleni kwa katibu wa chama asiyejua Nile inatoka wapi? Thubutu! Hapa mtaani Keshero kadi huazimwa kama chumvi. Ila mimi na Donat hatusemezani tangu mchezo wa jana. Nikaitoa kotini mwake alipokuwa akioga.

Picha imefifia. Upara ni upara. Hospitalini muuguzi Charline aliita Papa Donat, nikaitika kwa sauti tamu. Akasikiliza kifua, akaandika katika fishi ya Donat, karatasi ya matibabu: moyo umevimba, umechoka. Vidonge nikapewa bure! Kadi imesharudi kotini. Akili nyingi, Ferdinand.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimeota ndoto isiyo yangu. Baridi ya Butembo, magunia, mama wa mtu akiniita kwa Kinande. Sijui Kinande. Nikaitika.

Donat alikwenda kupasuliwa ngiri. Wamemrudisha nyumbani! Daktari alisoma fishi, akasema kwamba kwa moyo mbovu hivyo dawa ya usingizi itamuua. Wakati huohuo ngiri yenyewe, isipopasuliwa, inaweza kumkaba utumbo. Binti yake Kasoki analia uani. Nilimwambia kwamba fishi huandikwa na watu, na watu hukosea.

“Ni watu wenye walisoma, Papa Ferdinand,” akajibu.

Mimi pia nimesoma.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Donat anagawa mali. Amenisamehe mambo ya dame, eti mimi ndiye niliyeiba. Kisha akanipa kiti chake cha kuegemea, kile cha barazani kinachotazama ziwa! Nimekitamani tangu alipokinunua. Nililia machozi ya kweli. Nikaomba kiletwe kwangu upesi, kabla ya mvua.

Nimeketi. Mitumbwi inayoelekea Kituku inaelea hewani, haigusi maji. Marehemu mke wangu Umwiza anachambua maharage miguuni pangu. Anauliza kiti ni cha nani. Namwambia ni urithi. Anaokota kijiwe katika ungo, ananitupia.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mambo yameharibika! Donat amepewa vidonge vya moyo. Moyo wangu, tumbo lake! Kizunguzungu kimemwangusha mlangoni. Ngiri imekuwa ngumu, anatapika. Kasoki amemwita padri. Hakumwita daktari, kwa kuwa daktari alishakataa.

Mpango: barua isiyo na jina. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Nikaisoma: lugha nzuri mno, mtaa mzima utanitambua. Nimeichana.

Kiti kinachoma.

Nilikwenda hospitalini kwa pikipiki, nimefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto. Mawe ya lava yalinitingisha mpaka meno. Nikaungama mbele ya foleni nzima. Charline alitaka kuhakikisha.

“Papa, huu moyo ni wako?”

Nikasema ni wangu, nirudishiwe.

“Wazee hawa!” akasema mama mmoja. “Wanaibiana mpaka na magonjwa!”

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alituma gari kwa Donat palepale.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Amepasuliwa. Anaishi! Nilikwenda kumwona. Alinikazia macho mpaka nikaanza kuhesabu misumari ya dari. Kisha akasema kwamba alimwungamia padri kila kitu, hata ile michezo ya dame aliyoniibia, yote kwa sababu ya moyo wangu. Sasa anataka dhambi zake zirudishwe. Na kiti pia. Akacheka, mshono ukamuuma, akanitukana kwa Kinande. Safari hii nilielewa.

Charline amenisihi nijiandikishe mutuelle kwa jina langu mwenyewe. Foleni, anasema, ni fupi. Nimeahidi kufikiri.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Kiti kimeondoka. Ziwa limebaki. Vidonge vimeisha. Kifua kinabana, nami ni mwepesi, kama ukungu ukinisogeza tu nitakwenda nao.

Nimefikiri. Mjane wa nyumba ya pili, Mama Nyirarukundo, bado anayo kadi ya mumewe, Mbarushimana. Safari hii nimeomba! Amenipa kwa mikono miwili. Tena mwenye kadi hawezi kudhuriwa na kosa lolote. Kamili!

Charline yuko likizo. Nilipokewa na Luc, muuguzi mgeni, kijana mwenye adabu. Alisoma fishi, akairudia, akanitazama kwa huruma kubwa.

“Papa Mbarushimana, hapa waliandika ulikufa wakati wa Pasaka.”

Nikamjibu kwamba tangu wakati ule nimepata nafuu kidogo.