Skuta Isiyo na Sauti

Jumamosi, 11 Januari 1997
Futari: uji, peke yangu. Kijiko na bakuli tu ndivyo vilivyozungumza. Lakini leo mimi tajiri! Mzungu niliyemlindia nyumba mtaani Kinindo amerudi kwao, kaniachia skuta ya umeme. Vikwazo vya nchi jirani vimekausha esansi, mafuta ya magari, mji mzima, nami nateleza! Jirani yangu Shakuru, fundi ambaye moteri yake, yaani pikipiki, imelala tangu mwezi wa kumi, kasema eti hiyo ni pasi yenye magurudumu. Wivu.
Mpango: nifike mtaa wa Musaga saa ya futari, kwa Khadidja, mjane wa rafiki yangu Amissi. Aione skuta, atoke, aseme karibu ule. Kusema mwenyewe sitasema. Mwanamume haombi futari.

Jumapili, 12 Januari
Mazoezi. Sheria ya Kinindo: marufuku honi, wakubwa wanapumzika. Safi! Sheria ya Gihosha: ukikaribia bariyeri ya askari lazima upige honi, usije kama mwizi. Mimi sina honi. Askari waliruka mtaroni! Mmoja akaniuliza, we muzee, unataka kula risasi? Nikamwambia apana, nimefunga. Hakucheka. Nilicheka mwenyewe njia nzima.

Jumatatu, 13 Januari
Musaga! Sheria ya kule: ukifika bariyeri, zima moteri, sukuma. Nikazima. Kaporali akaniamuru nizime. Nikasema imezimika. Akasema muongo, hata ilipokuja ilikuwa hivyo hivyo; niiwashe kwanza aisikie. Nikanguruma kwa mdomo, brrrr! Nikanyamaza. Akaridhika!
Nikazunguka mbele ya nyumba ya Khadidja. Nikazunguka tena. Harufu ya maharagwe, adhana, mwanga chini ya mlango. Hakuna aliyetoka. Nani atatoka kwa kitu asichokisikia? Nikafuturu maji ya bomba.

Jumatano, 15 Januari
Nimefunga makopo kumi na mawili nyuma ya skuta. Sauti kama vita! Musaga nzima ikajifungia. Mama mmoja akalala kifudifudi na kapu lake la ndizi. Kaporali kanyang'anya makopo yote, kanifukuza. Uji.

Ijumaa, 17 Januari
Nimekutana na Khadidja sokoni. Kaniuliza, shemeji, ni wewe uliyetutisha juzi? Nikakana. Akasema Shakuru alikuja jana kwa miguu, akapiga hodi, akala mpaka akafungua mkanda. Shakuru! Akasema tangu Amissi aondoke mkono wake umekataa kupikia mtu mmoja, kila jioni sahani inabaki. Kwake sheria ni moja tu, kasema: piga hodi. Kisha akanitazama.
Nikamuuliza bei ya vitunguu.

Usiku nimeielewa shida yote. Honi! Moteri ya Shakuru ina honi nzuri, na imelala. Kesho namdanganya Shakuru anipe honi, naifunga kwenye skuta, naibonyeza mlangoni pa Khadidja mpaka atoke mwenyewe.
Uji umepoa. Nimenguruma kidogo kwa mdomo, nyumba isikie kuna mtu. Brrrr.