Macho Daima, Mtambo wa Bwana Laini

Bwana Laini alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu ina povu, riziki ilipoingia mlangoni imevaa suti ya kahawia huku ikifoka kwenye simu.

"Imekufa? Seva nzima? Malori yamejaa magodoro na hayajui yaende wapi! Hizo logi hazikutoa taarifa? ... Zilitoa tangu juzi? Sasa nani alizisoma? ... Anaumwa jino! Yaani kampuni yangu yote imesimama kwa sababu ya jino!"

Bwana Laini akainua kidole. Kinyozi akasimamisha wembe.

Ni haki kusema kwamba jina hilo la Laini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu waliowahi kumkabidhi pesa zao. Alikwisha kuuza kiwanja kilichokuwa katikati ya barabara, na dawa ya kunyunyizia wapangaji ili wapende kulipa kodi. Kompyuta hakuwahi kuigusa ila ile ya kutolea pesa benki, nayo ilimmezea kadi. Kwa hiyo aliposikia neno "logi", wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kampuni imelogwa, na tayari alikuwa anapekua kichwani ni mganga gani wa kushirikiana naye.

Bahati yake, mwenye suti alikuwa mtu wa kulalamika mpaka mwisho. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni kubwa ya magodoro, na kabla hajaitwa kitini alikuwa amemweleza kinyozi kila kitu: kwamba seva, yaani zile kompyuta kubwa zinazoendesha oda, ghala na malori, huandika zenyewe mchana kutwa kila linalotokea ndani yao, nani kaingia, nini kimeshindikana, wapi nafasi inakwisha, kwamba maandishi hayo ndiyo logi, kwamba ni marefu kuliko mkutano wa ukoo, na kwamba anamlipa binti mmoja mshahara mzima ayasome.

"Mheshimiwa," Bwana Laini alisema, povu likimdondokea kifuani, "jino la mfanyakazi wako limekutia hasara. Mtambo wangu hauna meno."

Mkurugenzi akageuka. "Mtambo gani?"

"Kesho, ofisini kwako. Hapa pana masikio mengi," alisema Bwana Laini, akimtazama kinyozi kwa jicho la lawama.

Kesho yake alifika na kasha jeusi la chuma mikononi. Jana yake jioni lilikuwa ganda la spika iliyoungua kwenye kibanda cha fundi redio. Sasa lilikuwa na rangi mpya na kitaa cha kijani kilichokonyeza. Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ya mtu mwenye mkono wa birika: taa iliwashwa mgeni alipoingia na ikazimwa salamu zilipokwisha.

"Mtambo unaitwa Macho Daima," Bwana Laini alisema gizani. "Unasoma logi zote, mstari kwa mstari. Ukiona kosa, unakutumia ujumbe kwenye simu kabla kosa lenyewe halijajijua kwamba limetokea."

"Unaomba likizo?"

"Likizo ndiyo nini, mheshimiwa?"

"Misiba?"

"Hauna ndugu."

Mkurugenzi akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mchumba. Akaamuru yule binti wa logi aitwe aje kuunganisha mtambo.

Wafanyakazi wote walimwita Miwani, kwa sababu alivaa miwani mikubwa iliyomfanya aonekane anashangaa hata alipokuwa hashangai. Shavu lilikuwa bado limevimba. Alilinyanyua lile kasha, na ndani yake skrubu moja ikabiringika, ngilingili-ngili, kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Akamtazama Bwana Laini. Bwana Laini akakonyeza, sambamba na kile kitaa.

"Mtambo mwepesi," alisema Miwani.

"Teknolojia ya siku hizi, dada, haina uzito."

Miwani akainama chini ya meza. Alipitisha nyaya, akaziruhusu logi zitoke nje kwa mtandao kwenda "makao makuu ya mtambo" kama alivyoelekezwa, na mchana huohuo mkurugenzi akamshukuru kwa utumishi wake na kumwachisha kazi.

Bwana Laini alikuwa anamsubiri getini.

"Pole na jino, dada."

"Pole na skrubu, kaka."

Bwana Laini akacheka mpaka akajishika ubavu. Aliwapenda watu wenye akili, ilimradi wakubali kuajiriwa. Akamweleza kwa ufupi: logi zitakuja kwenye chumba alichokiandaa, yeye atazisoma kama zamani, na akiona hitilafu atamtumia mkurugenzi ujumbe wa kimashine-mashine.

"Kwa hiyo mtambo ni mimi," alisema Miwani.

"Wewe ni moyo wa mtambo."

"Moyo haufanyi kazi bure. Nataka mshahara wangu uleule na nyongeza. Halafu umesema mtambo haulali, mimi nalala. Itabidi tuwe watatu, mmoja akisinzia wenzake wasome."

"Watatu! Dada, unaniua."

"Basi kamwambie mkurugenzi mtambo nao unasinzia."

Bwana Laini akaguna, akakubali. Mkurugenzi alikuwa analipa kila mwezi, na hata baada ya mioyo mitatu kulipwa, kilichobaki kilikuwa kinono.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyeshona sare za walinzi na wauguzi. Bwana Laini alikuwa anaishi hapo miaka nenda rudi, akilipa kodi kwa ahadi. Dada mtu alimpokea Miwani, akamtazama toka utosini mpaka unyayoni, akamwuliza, "Na wewe amekuuzia nini?"

"Ameninunua, dada."

"Makubwa. Karibu chai."

Wanawake hao wawili walielewana kwa birika la kwanza.

Sharti la Miwani lilikuwa moja: Bwana Laini asikanyage chumbani. "Msomaji wa logi akishtuliwa anapoteza mstari," alimwambia, "na mstari ukipotea, lori linapotea." Kwa hiyo Bwana Laini aliridhika kuchungulia kwenye upenyo wa pazia. Aliona migongo mitatu, vilemba vitatu, na mwanga wa kompyuta mbele yao. Hawakupiga soga wala kuomba maji. Moyo wake ulijaa fahari.

"Hao ndio wafanyakazi," alimnong'oneza dada yake. "Hawageuki hata kuona nani anapita."

Dada mtu nusura ameze pini alizokuwa amezibana mdomoni.

Hawakugeuka kwa sababu walikuwa masanamu ya dukani, yale ya kuvalishwa nguo. Miwani aliajiri wenzake wawili karatasini tu, akapokea mishahara yao kwa unyenyekevu, na wiki ya kwanza nzima akaitumia kuandika kile alichokuwa akimwomba mkurugenzi ruhusa ya kukiandika tangu zamani: programu ya kusoma logi yenyewe. Aliifundisha maneno ya kuyawinda, kama "imeshindikana" na "nafasi imekwisha". Aliifundisha kutofautisha kikohozi na homa, isije ikamrusha mkurugenzi kitandani kila mtu anapokosea nywila. Mwisho akaifundisha kutuma ujumbe, pamoja na vijembe alivyokuwa ameviweka akiba kwa kila kosa alilolijua tangu akiwa kazini kule. Ilipoanza kazi, Miwani aliyavika masanamu vilemba, akaenda kujificha jikoni kwa dada mtu, akajifunza kutoboa vifungo.

Hivyo Bwana Laini, aliyeuza mtu akisema ni mtambo, alikuwa anauziwa mtambo akiambiwa ni watu. Alilala usingizi mnono sana siku hizo.

Jaribio kubwa lilikuja wakati shule za bweni zilipoagiza magodoro zote kwa mpigo. Kampuni iliweka matumaini yake yote kwenye oda hizo. Malori yalijipanga barabarani mpaka kona, na mkurugenzi akiwa katikati ya kupeana mikono na walimu wakuu, simu yake ikalia:

MACHO DAIMA: Diski ya seva ya oda inakaribia kujaa. Chanzo ni video za harusi ya binti yako, zote, pamoja na ile ya wewe kucheza. Futa sasa hivi au malori yasimame.

Mkurugenzi alikimbia ngazi, akafuta video moja baada ya nyingine huku machozi yakimlengalenga, na ile ya yeye kucheza akaiacha ya mwisho. Seva ikapumua. Oda zikapita zote, malori yakaondoka.

Jioni hiyo aliwasimulia wafanyabiashara wenzake habari za mtambo mpaka chakula kikapoa. "Unajua kila kitu! Unanijua mpaka mimi!" Mwenye mabasi akautaka. Mwenye saruji akautaka. Mwenye hospitali akauliza kama unaweza kukaa pia na wagonjwa. Wote wakaahidi kulipa malipo ya mwaka mzima siku watakayouona ukifanya kazi kwao.

Bwana Laini aliposikia, kichwa kilimvimba. Mwaka mzima, kutoka kwa watu watatu, kwa mpigo! Hesabu yake ilikuwa fupi: apokee, apande basi, asionekane tena. Mioyo ya mtambo itajijua.

Lakini dada yake alikuwa anafagia, na ufagio wake uligonga kitu chini ya kitanda cha mdogo wake. Begi. Limefungwa, na viatu vizuri juu yake. Akalirudisha kama lilivyokuwa, akamwita Miwani.

"Huyu anataka kukimbia na mchuzi, atuachie sufuria."

Miwani alifuta miwani yake taratibu. Kesho yake akamwendea Bwana Laini uso umekunjwa.

"Kaka, wateja wapya siwezi kuwapokea. Seva za mabasi peke yake zinaropoka kama wapiga debe. Nahitaji kuajiri timu nzima, na siku hizi watu hawakai mezani bila malipo ya mbele."

"Watalipwa wateja wakilipa!"

"Wateja hawalipi mpaka waone kazi. Kazi haionekani mpaka watu wakae. Amua wewe."

Bwana Laini alizunguka chumba, akajikuna, akaliwaza begi lake. Mwisho akaenda akatoa akiba yake yote, senti ya mwisho, akamwekea mkononi. Alijiambia kwamba mkulima hutoa mbegu. Miwani akapokea kwa mikono miwili na kumshukuru vizuri.

Siku iliyofuata, Bwana Laini akiwa dukani anapiga pasi shati la safari, simu ya mkurugenzi ilipata ujumbe: MACHO DAIMA: Fungua kasha. Kisha njoo kwa fundi wa sare, mtaa wa nyuma. Njoo na wenzako.

Walikuja na gari la mwenye mabasi. Mkurugenzi alishuka kwanza, kasha wazi kwapani, akaligeuza juu ya meza ya kukatia nguo. Ikadondoka skrubu. Baada yake akadondoka mende, marehemu.

"Laini! Hii ndiyo teknolojia?"

Lakini ulimi wa Bwana Laini haujawahi kumwacha njiani. "Mheshimiwa, nakiri mbele yenu. Mtambo hakuna. Kuna kitu bora kuliko mtambo! Kuna watu! Wanawake hodari, wanasoma logi zako usiku na mchana, kwa macho yao waliyopewa na Mungu!" Akalivuta pazia kwa mkono wa ushindi.

Mwenye saruji akamsogelea msomaji wa kwanza, akamgusa bega. Kilemba kikaanguka, na kichwa kikaanguka pamoja nacho.

"Huu ni mto wa kulalia wa kampuni yangu!" mkurugenzi alipiga kelele, akiokota kichwa.

"Ulinipa siku uliyoniaga," alisema Miwani, akitokea jikoni na sinia la chai. "Una kasoro kidogo kwenye mshono."

Kabla hajajibiwa, simu ya mkurugenzi ikalia. Akasoma kwa sauti: MACHO DAIMA: Mtu wa ghala amekosea nywila mara nyingi mfululizo. Akumbushwe kuvua glavu.

Watu wote waliitazama ile kompyuta. Hapakuwa na mtu mbele yake, ila sanamu lisilo na kichwa.

"Nani ametuma?" Bwana Laini alinong'ona.

"Mtambo," alisema Miwani.

"Mtambo gani?"

"Ulioutangaza. Nimeuandika mimi. Unafanya kazi tangu wiki ya kwanza."

Bwana Laini alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Kwa hiyo muda wote huu... nilikuwa nawauzia kitu cha kweli?"

"Kweli tupu."

Pesa zilimwuma, hilo halina ubishi. Lakini kilichomtoa machozi ni kule kujua kwamba alikuwa mfanyabiashara mwaminifu miezi yote hiyo na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia.

Mwenye mabasi alitaka polisi waitwe. Mkurugenzi alitaka kwanza kujua mtambo unauzwaje. Miwani akataja bei, mkurugenzi akashika kifua, Miwani akajitolea kuuzima hapohapo ili ampunguzie gharama, na mkurugenzi akaipata sauti yake upesi akasema bei ni nzuri. Wenzake wakakubali pia.

"Kuna jambo moja," alisema Miwani, akimimina chai. "Mtambo unaona na unasema, ila hauna mikono. Lazima awepo mtu wa kwenda kwenye seva kila ukiita. Saa yoyote. Popote alipo."

"Nani atakubali maisha hayo?" aliuliza mwenye hospitali.

Wote wakamgeukia Bwana Laini.

"Ama hivyo ama polisi, mdogo wangu," alisema dada yake. "Na kodi yangu ikatwe hukohuko kwenye mshahara."

Wiki hiyohiyo alikuwa bafuni, amejipaka sabuni mwili mzima, simu iliponguruma kwa sauti ya dada yake, aliyeombwa na Miwani airekodi: "We mtoto! Seva ya saruji inakata roho! Toka huko!"

Bwana Laini akajifunga taulo, akatoka mbio mtaani, povu likiruka nyuma yake. Vibarazani walikuwepo waliowahi kununua kiwanja cha barabarani, na walionunua dawa ya wapangaji, wote wakasimama kumtazama.

"Laini!" mmoja alimpigia kelele. "Leo umemwibia nani, mpaka unakimbia uchi?"

"Nawahi kazini!" alijibu bila kusimama.

Lilikuwa neno la kweli, la kwanza kuwahi kusikika mtaani kutoka kinywani mwake, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.