Ghorofa ya Bi Widad

Jumatatu, 13 Januari

Mkutano leo. Bi Umkulthum, mkubwa wetu wa ofisi, kasema sheria inamtaka atulinde sisi wathamini tunapokwenda kupima nyumba za watu. Sikujua kama tuna hatari. Kumbe tele. Paa bovu. Nyaya zilizo wazi. Visima visivyofunikwa. Nyoka. Nyumba tupu ambayo mtu akianguka hakuna wa kumsikia. Kwa hiyo kuanzia sasa nyumba itakaguliwa kwanza, ndipo ipimwe. Na atateuliwa Msimamizi wa Usalama. Huyo atavaa kofia ngumu nyeupe. Wengine watavaa za manjano.

Nyeupe naitaka.

Wathamini tuko wawili tu, mimi na Mbarouk. Mbarouk ni mtu mzuri, na hilo ndilo tatizo. Mtu wa Wingwi, mnene, mambo yake taratibu. Hakanyagi sakafu asiyoijua mpaka aigonge kwa fimbo yake na kutega sikio, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Nyumba ninayoimaliza mimi asubuhi, yeye anaimaliza Magharibi. Tangu tuajiriwe tunakula sahani moja mchana. Lakini kofia ni kofia.

Tunaanza na nyumba ya Bi Widad, ile ya mawe, ya ghorofa, inayoelekea bandarini. Ya zama za mashamba ya wazee wao Waarabu. Warithi wengi wako Maskati, wanataka kugawana, basi thamani yake ijulikane. Bi Umkulthum kauliza nani ataikagua. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Mbarouk alikuwa bado anatafuta miwani.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda. Jua la kaskazi halina huruma. Mlango wa Bi Widad umefungwa. Nikagonga mara moja, kwa adabu. Kimya.

Ng'ambo ya njia yupo muuza juisi ya ukwaju, na kibanda chake kina kivuli. Nikaikagua nyumba nikiwa hapo. Kuta nene. Madirisha yamesimama wima. Juu dirishani katua njiwa, katulia kabisa. Sakafu ingekuwa mbovu, njiwa angejua. Nikaagiza juisi ya pili.

Ofisini nikamwambia Bi Umkulthum nimepita chumba kwa chumba, chini na juu. Boriti nzima. Ngazi imara. Nikaongeza kwamba kuna waya mmoja umelegea, maana ukaguzi usio na kasoro hauaminiki. Waya ule ulimfurahisha sana. Kofia nikapewa hapohapo. Mbarouk kanipa mkono, kasema kazi imepata mwenyewe. Alikuwa anasema kweli, macho yake hayajui kudanganya. Nilitamani angalau aone wivu kidogo.

Nyumbani nikaivaa mbele ya kioo. Yumna, mke wangu, kasema nafanana na yai la kuchemsha. Mambo ya usalama hayajui.

Jumatano, 15 Januari

Sijui niandike vipi.

Tulikwenda kupima, mimi na Mbarouk. Bi Widad alikuwa msibani Mtambwe, ufunguo kamwachia jirani. Tulipima chini. Kisha Mbarouk akasimama mbele ya ngazi, fimbo mkononi.

"Umepita mwote, Anas?"

"Mwote," nikamwambia.

Akaiegemeza fimbo ukutani, kwa kuwa tepu na ubao wa kuandikia vinataka mikono miwili. Akapanda. Mimi nilitoka barazani kuiweka sawa kofia, wapita njia waione. Nilimsikia juu akisoma kwa sauti urefu wa ukumbi. Namba hakuimaliza. Ulikuja mshindo, halafu vumbi jeupe likanitokea mlangoni.

Boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa, ndani tupu kama bomba. Alikuwa kalala chini kati ya mawe na chokaa, kofia yake ya manjano kichwani, macho wazi. Kaniambia miguu haisikii. Kaniomba nimpashe habari Mwanamize, mkewe, taratibu, nisimshtue.

Majirani walimlaza juu ya ubao wa mlango wakambeba. Nami nilishika upande mmoja. Yumna ndiye aliyenivua kofia nilipofika nyumbani. Nilikuwa nimeisahau.

Alhamisi, 16 Januari

Hospitali. Uti wa mgongo umevunjika. Zaidi ya hapo daktari hakusema.

Bi Umkulthum kaja, kakaa kwenye benchi, kalia. Sikupata kumwona akilia. Mgonjwa ndiye aliyembembeleza. Mbarouk kamwambia asimlaumu mtu. Kasema Anas alipita palepale siku iliyotangulia na sakafu ikamhimili, basi ni huu mwili wake mwenyewe na wali wa nazi wa Mwanamize. Akacheka, akaumia, akaacha.

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua kinywa. Muuguzi akaja na sindano, nikakifunga.

Nikatoka nikalia nyuma ya tangi la maji. Nilipokwisha kulia nikafikiri. Mbarouk ameshapata sababu, na imemtuliza. Mimi nani hata nimnyang'anye mgonjwa utulivu wake?

Jumamosi, 18 Januari

Nimepata mpango. Nitamtendea wema mwingi mpaka uzidi kosa. Nimempelekea mapapai, shuka mbili na redio ndogo. Nimempepea. Nimemlisha uji kwa kijiko, na nusu umemwagikia shingoni. Kasema mtamu.

Mpango una kasoro. Kila nikiingia, Mbarouk anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili: huyu ni ndugu yangu, ndiye msimamizi wetu wa usalama. Nimemnong'oneza aache. Kadhani ni unyenyekevu. Sasa anawaambia na wauguzi.

Mwanamize anakuja kila siku kutoka Wingwi. Leo nimemkuta anamkanda mumewe nyayo kwa mafuta ya nazi, polepole, huku anamwangalia usoni. Mbarouk alikuwa ananihadithia habari za redio. Hakujua kama anakandwa.

Nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 20 Januari

Bi Widad kaja ofisini. Bibi mdogo wa umbo, buibui jeusi, tasbihi mkononi. Kaja kumpa pole Bi Umkulthum na kutaka radhi kwamba alikuwa msibani, hakuwapo kutuzuia. Kasema juu hapandi mtu tangu uhai wa marehemu mumewe, walipoanza kuona unga wa mchwa. Kila mgeni humwambia.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, ni nani huyo anayesemwa kuwa alipita juu siku ya Jumanne. Maana Jumanne kutwa alikuwamo ndani. Mlango uligongwa mara moja, naye miguu yake haina mbio tena. Alipofungua hakuona mtu, ila bwana mmoja pale ng'ambo, anakunywa juisi.

Nilijishughulisha na kuchonga penseli.

Bi Umkulthum hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Iweke kofia mezani, Anas," kasema.

Nikaiweka. Kasema jukumu ni lake yeye mwenye ofisi, kwamba alipaswa kunifuatilia, na kwa hilo hatajisamehe. Na kwamba nimwendee Mbarouk leo hii, nisipokwenda atakwenda yeye.

Nikaenda. Nikamwambia yote. Mlango, kivuli, juisi, hata njiwa nikamwambia. Niliongea sana. Mbarouk alikuwa anatazama dari. 

"Ungesema hukuingia," kasema, "ningegonga kwanza."

Basi. Akageuza uso ukutani. Siku hizi hana kingine anachoweza kukigeuza.

Jumatano, 22 Januari

Ofisini kumebadilika. Hakuna tena kwenda nyumba tupu peke yako. Ukifika unapiga simu, ukiondoka unapiga simu. Ghorofa isiyojulikana haipandwi. Kaletwa mthamini mpya, Bi Rahila, kutoka Kengeja. Kofia nyeupe kapewa yeye. Imemkaa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mimi nimezuiwa kutoka nje. Nakaa na simu, nawapokea walio kazini. Mchana nakula peke yangu. Chakula kinabaki.

Ijumaa, 24 Januari

Leo baada ya Sala ya Ijumaa nilibaki msikitini wenzangu walipotoka. Nimetubu. Nimeahidi mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba sitasema tena jambo nisilolihakikisha kwa macho yangu. Nilitoka mwepesi, kama niliyetuliwa mzigo.

Nikapita hospitali. Wodini sikuthubutu kuingia. Mwanamize alikuwa nje, kakaa juu ya mkeka, vyombo vitupu kando. Sijui kama ameambiwa. Ameniitikia salamu vizuri, kwa hiyo nadhani Mbarouk kaninyamazia.

Kaniomba jambo. Kasema kila akimuuliza daktari, hujibiwa maneno makubwa, naye huona haya kuuliza mara ya pili.

"Shemegi, wewe umesoma. Niulizie tu kama atatembea."

Nikaenda. Foleni ya daktari ilifika uani. Nilisimama kwa muda mzuri, na jua lilikuwa kali. Kupitia dirishani nilimwona daktari mwenyewe, anazungumza na muuguzi, anacheka. Nilimtazama kwa makini. Mtu mwenye mgonjwa asiye na matumaini hacheki vile.

Nikarudi. Nikamwambia Mwanamize kwamba daktari kasema Mbarouk atatembea kabla ya Ramadhani.

Alijifunika uso kwa mtandio, akalia, akashukuru, akaniombea dua mimi na wazazi wangu. Kisha akapiga simu Wingwi. Kumbe fundi alikuwa ameshafika nyumbani na nyundo yake, kuvunja vipandio vya mlangoni ili kigari cha mgonjwa kipite. Mwanamize akamwambia asivunje kitu, arudi zake. Baba watoto atavipanda mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nimechangamka. Nimekula vizuri. Wiki nzima sikumfaa mtu, leo nimemfaa.