Paka Wako Amekalia Kigoda Changu

Tawa, Makueni
Jumatatu, baada ya chai

Kwa Mheshimiwa Mutindi Musyimi,
Mtetezi Mkuu wa Paka Walioonewa,
Emali.

Binti yangu mpendwa, niliyekupa jina la mama yangu na kwa hivyo nalazimika kukuita Mama hata nikiwa nimekasirika,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, kama mtu anayeishi kwa ruhusa ya paka anaweza kuitwa mzima. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu nimeizima. Ikilia, mgeni wako anaingia nyuma ya kabati na hatoki mpaka jioni. Barua hii ataileta Mutisya jirani, akija soko la Emali.

Nakumbuka ulivyomleta. Ulimtoa chini ya lori, ukamtia kwa katoni ya sabuni, ukaniambia kwamba tangu tumzike mama yako nyumba hii imekuwa kimya mno, na tena panya wanamaliza ndengu kwa stoo. Nilikubali kwa ajili ya ndengu. Kimya sikulalamikia mimi. Kisha ukanitumia masharti kwa WhatsApp, marefu kuliko katiba ya kanisa letu. Sasa nisikilize.

1. Sauti. Ati niseme naye kwa sauti ya chini. Mama, mimi ni mzee wa kanisa! Stima ikipotea, sauti yangu ndiyo kipaza sauti. Siku hizi fellowship ya Jumatano, ambayo hukutana kwangu, inaimba kwa kunong'ona. Mama Mbithe, ambaye akikemea pepo husikika ng'ambo ya mto, juzi alikemea kwa kunong'ona. Sijui kama pepo walisikia. Pasta ameniuliza kwa upole kama imani yangu imepoa.

2. Macho. Ati nisimkazie macho, nifumbe na kufumbua polepole ndipo ajue nampenda. Nimefanya hivyo kwa utiifu. Mama Kavindu akachungulia dirishani, akaniona nikikonyeza kabati. Sasa kijiji kizima kinasema Mzee Musyimi anahitaji miwani, au mke. Miwani wameniletea. Huyo mwingine nimekataa.

3. Kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampeleka kwa stoo ya ndengu. Panya akatokea, mmoja tu, tena mdogo. Wah! Paka wako alinipita mlangoni mbio hata sikuona mkia. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakusema lolote kuhusu paka anayeondoka kwa sababu panya amefika.

4. Kigoda. Hapa ndipo damu inanichemka. Kile kigoda changu cha miguu mitatu unakijua. Unajua kwamba kwa boma la Mkamba kiti cha baba hakikaliwi na mtu mwingine, na mama yako, Mungu amlaze pema, alikifuta vumbi miaka yote na hakukikalia hata siku moja. Basi paka wako amekifanya kitanda. Na sharti lako linasema akishajichagulia mahali asiondolewe. Kwa hivyo mimi nakaa chini, kwa gunia. Wazee wa ukoo walipokuja kwa habari ya mpaka wa shamba walinikuta hapo chini, na paka juu ya kigoda kama chifu. Mzee Mbithi akataka kumsukuma na bakora. Nikamshika mkono, haki ya Mungu, nikamwambia pana mtu. Hakumaliza chai yake, na habari ya mpaka bado iko vile ilivyokuwa.

5. Upendo. Baada ya haya yote, hajanigusa hata kidogo. Nikimpa omena kwa kiganja, anangoja niangalie kando ndipo ale. Halafu anarudi juu ya kigoda kunitazama, kama mtu anayengoja nikosee. Inaniuma, Mama. Hata mbuzi wangu hunikimbilia nikitokea.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, uje Jumamosi na ile katoni umchukue. Na ukishamchukua, uniandikishe mimi mahali pake. Mimi pia naishi peke yangu. Mlango ukigongwa ghafla nashtuka, na jioni nakula nikitazama ukuta. Lakini hakuna aliyewahi kuwaandikia watu kwamba Mzee Musyimi asipigiwe kelele, aletewe samaki, asiharakishwe, na aachwe asogee karibu siku atakayotaka mwenyewe. Kama ni lazima kwanza nilale chini ya lori ili nipate huduma hiyo, niambie ni lori gani. Nitakuja na blanketi yangu.

Nisalimie mume wako Mathenge, na watoto, na majirani wote hapo Emali. Msalimie pia yule dereva aliyechungulia chini kabla ya kuwasha lori. Mwambie sina kinyongo naye, sana.

Wako katika Bwana, aliyepokonywa kiti,
Baba yako, Mzee Musyimi

Tanbihi: Nikiwa naweka sahihi ameshuka kutoka kwa kigoda. Sikumwita, nilikuwa nimeinamia karatasi. Amenusa kalamu, amezunguka juu ya paja langu, amelala. Ndiyo maana mwandiko umepinda. Ananguruma kama kinu cha posho kikiwa mbali.

Jumamosi njoo, lakini katoni uiache hukohuko. Ukija nayo sifungui mlango. Na usibishe hodi kwa nguvu, Kasyoka hapendi. Ndiyo, anaitwa Kasyoka, na usiniulize ni nani aliyempa jina.

Mutisya ananiita nje nimpe barua. Itabidi aingie mwenyewe, polepole. Kigoda changu kiko wazi hapa mbele yangu, na mimi nakitazama tu. Muthokoi inaungua jikoni, nasikia harufu. Iungue.