Neutroni Haikwenda Popote

Serikali ilifurahi kuutangazia umma wa Vienna kwamba kuanzia Jumatatu, chochote kitakachozunguka na kurudi kilipoanzia kitahesabiwa kuwa hakikwenda popote. Waraka ulitiwa saini na Ottokar Zwettler, mkuu wa Idara ya Matokeo, mwenye cheo cha Hofrat. Hicho ni cheo ambacho hata mhudumu wa mkahawa hukiinamia kabla ya kukiwekea kahawa.

Wa kwanza kuumia alikuwa Dokta Walburga Pichler, anayechunguza neutroni, vile vichembe vya ndani ya atomu. Aliingia Chumba Namba Saba, ofisini kwa Zwettler, koti likiwa wazi.

"Bwana Hofrat, umenifungia jaribio."

"Nimekupunguzia kazi, Bi Dokta. Neutroni yako inaanza imeelekea wapi?"

"Juu."

"Ukishaizungusha kwa sumaku?"

"Juu vilevile. Lakini nikiilinganisha na mwenzake ambaye hakuzungushwa, wimbi lake, maana neutroni ni wimbi pia, limesogea. Mzunguko ukiwa mpana, linasogea zaidi. Njia imeacha alama."

"Njia si matokeo," akasema Hofrat, na sentensi hiyo ikamkolea. "Mimi nilianzia humu humu, mwanagenzi wa kubandika stempu. Nikazungushwa idara za Maji, Misitu, Makaburi, nikarudi humu. Umenisikia nikitangaza mawimbi?"

"Humu humu?"

"Dirisha hili hili."

Mlangoni, katibu wake Roswitha akaacha kuchapa. Umbea ukatangulia keki ya saa nne kufika Idara ya Utumishi, na Utumishi ni watu wa sheria, hawajui utani. Kufika alasiri waraka ulikuwa umetekelezwa: Zwettler alianzia Chumba Saba, yuko Chumba Saba, kwa hiyo ni mwanagenzi. Walimpongeza kwa ujana wake.

Mkahawani, mhudumu hakuinama.

"Kahawa yako hiyo, kijana."

Zwettler aliiacha ipoe, akapanda tramu mpaka maabara.

"Bi Dokta, dada yangu, hebu nieleze tena lile wimbi."

"Kwani njia inaacha alama?"

"Inaacha, dada. Hasa Makaburi."

"Basi futa waraka, tupone wote."

Zwettler akatazama viatu vyake. Kifungu cha mwisho, alichokitunga mwenyewe kwa raha zake, kilisema waraka huo utafutwa na Hofrat tu.

"Mwanagenzi haruhusiwi," akanong'ona.

Dokta Pichler akamfungulia mlango taratibu.

"Basi zunguka tena, mdogo wangu. Anzia Maji. Na safari hii, tafadhali, uishie chumba kingine."